Arobaini ya Anastazia

Kaisho, Karagwe
Mwisho wa Januari, 1988

Kwa dada yangu Mwanamvua,

Shikamoo dada. Ya kwanza yako wewe, ya pili ya Mama, na umwambie nimemshika miguu yote miwili. Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa dereva ilifika, au iliishia njiani? Na kifua chako je, na paa la jikoni, shemeji amekwisha liezeka au mnaendelea kukinga mabakuli? Mimi huku ni mzima wa kutembea na kufanya kazi. Nimeandika hivyo kwa makusudi, utaona mbele kwa nini sikuandika mzima nikaishia hapo.

Krismasi ilitukuta mvua imepungua na senene wameanguka wengi. Mwambie Mama acheke: mimi niliyetapika mwaka wa kwanza nilipoona watu wakikaanga panzi, sasa nawanyonyoa mbawa kuliko wenyeji, na nikikosa bakuli langu naona sikukuu haijafika. Kazi ilikuwa nyingi. Tangu katikati ya Novemba cherehani haikupoa, maana huku mtu akikosa nguo mpya siku ya Krismasi anaona afadhali asiende kanisani. Nimeshona magauni ya watoto mpaka vidole vikaota sugu. Ndizi zipo, maharage yapo, maziwa yapo. Njaa hatuna.

Hapa ndipo umalizie kumsomea Mama. Mwambie mwandiko wangu mbaya umekushinda, kisha nenda ukakae peke yako.

Dada, katika nguo zote nilizoshona ilikuwapo moja iliyonitesa. Gauni la Anastazia. Unamjua kwa barua: yule jirani tunayepakana uani, aliyenifundisha kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, na aliyenikalia siku saba mwanangu Saumu alipofariki. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa msichana, wakakaa Mabira na ng'ombe wao wachache. Akaolewa hapa Kaisho na mwenyeji, Fulgensi, wakazaa mabinti wawili. Imakulata sasa ana miaka kumi na mitano, Domina ana sita. Fulgensi alikuwa mtu wa biashara kama Idrisa wangu, na safari zao zilikuwa moja, kwenda Murongo mpakani kuleta nguo na sabuni. Akaanza kuharisha, akakonda, akatoka vipele, akakohoa mwaka mzima, akafa.

Ugonjwa wenyewe nadhani mmeusikia redioni. Huku hawautaji kwa jina hilo. Wanasema "ana yale mambo", au wanauita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda, maana wa kwanza kuugua walikuwa watu wa biashara hiyo na wanawake wao. Sasa umeingia kila kijiji. Zipo nyumba nilizozishonea nguo za harusi, leo zimefungwa kwa kamba mlangoni na migomba imeota majani mpaka dirishani.

Mwezi wa Septemba nilimpima Anastazia kifua na kiuno, nikaandika daftarini. Oktoba alipokuja kujaribu, gauni lilimzunguka. Nikalipunguza. Novemba likamzunguka tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika pini mdomoni, akanishika mkono.

"Mama Saumu," akasema. Watu wote huku waliacha kuniita hivyo mtoto alipokufa, wananiita Fundi. Yeye peke yake hakuacha. "Usinibane sana. Niachie nafasi. Siku hiyo nataka nionekane nina mwili."

"Siku ya Krismasi?"

"Ya pili yake. Tarehe ishirini na sita natimiza miaka arobaini. Cheti changu cha ubatizo kinasema hivyo. Nataka kufanya sikukuu ya kuzaliwa."

Huku watu hawana desturi hiyo. Yeye aliipata kwa masista wa misheni aliowapikia miaka tisa. Nilimwambia watu watashangaa.

"Washangae," akasema. "Nikifa watakuja wengi, watachinja, watakula, na mimi sitakuwapo. Nataka wale nikiwa nawaona."

 Nikaendelea kuchoma pini.

Dada, nikuungamie jambo. Tangu Fulgensi alipoanza kukonda, nilikuwa siwezi kula kwao. Muuguzi wa zahanati alitueleza kwamba ugonjwa huu hauji kwa kikombe wala kwa sahani, na mimi niliitikia kwa kichwa. Lakini kila Anastazia aliponiletea chai uani kwangu, kama tulivyozoea miaka sita, nilikuwa nangoja ageuke kisha naimwaga kwenye maboga. Nikajiona mjanja. Mtu aliyenioshea mtoto wangu maiti, na mimi namwaga chai yake.

Wiki moja kabla ya Krismasi tulisikia jembe nyuma ya nyumba yake. Tukatoka. Kasiano, ndugu yake Fulgensi, alikuwa anachimba mashimo katikati ya kibanja. Kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kwa watu hawa ni mali ya ukoo, makaburi yao yamo humo humo. Alikuwa amekwisha panda miche minne ya ule mti wao wa mpaka, wanaouita omuramula. Ukipandwa huo, kila mtu anajua ardhi imegawanywa.

"Shemeji, unafanya nini?" Anastazia akamwuliza.

"Napima tu."

"Unampimia nani?"

 Alisindilia udongo kwa kisigino, akafuta jembe kwa jani la mgomba, akapita mbele yetu bila kuaga. Imakulata alitaka kwenda kuing'oa. Mama yake akamzuia. "Iache," akasema. "Wageni wangu waione."

Basi ikabaki kuwaarifu watu. Wa hapa kijijini alipita mwenyewe na fimbo yake, nyumba kwa nyumba, akipumzika kwenye kila kizingiti. Wa Mabira, yaani mama yake na shangazi zake, alimwomba Idrisa awaandikie karatasi ipelekwe na lori la ndizi. Idrisa alikuwa na wateja. Aliandika haraka kwenye kipande cha boksi: "Mnaitwa kwenye arobaini ya Anastazia, siku ya pili ya Krismasi. Msikose." Akampa utingo wa lori.

Nadhani wewe umekwisha ona kosa. Sisi hatukuliona.

Siku ilipofika niliamka nikamvika. Gauni la buluu yenye maua meupe, na ndani nilikuwa nimemtilia bitana mbili ili kifua kijae. Alipendeza, dada, wallahi alipendeza. Idrisa alichinja mbuzi ili na sisi Waislamu tule. Anastazia mwenyewe alioka keki kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama alivyofunzwa na masista. Mishumaa hatukuwa nayo dukani kwetu. Akatoa mmoja uliobaki tangu mazishi ya Fulgensi, akauchomeka katikati ya keki. Nilipomwangalia akasema, "Ni mshumaa tu."

Saa nne watu wakaanza kufika. Wengi, kuliko nilivyotegemea. Nadhani walikuja kuona. Walikaa kwenye majani uani, wanaume upande mmoja na rubisi yao, ile pombe ya ndizi, wanawake upande mwingine. Kasiano alikuja pia, akakaa karibu na mwenyekiti wa kijiji. Kila mtu alikuwa anasema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo tuliposikia kilio.

Kilitoka kwenye kona ya njia ya Mabira, sauti za wanawake, kile kilio cha msiba ambacho ukikisikia mara moja hukisahau. Watu wote wakasimama. Anastazia alikuwa anakoroga mchuzi. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Tayari tulikuwa tunawaona. Mama yake yupo mbele, kikongwe mfupi, amejifunga kitenge kiunoni kama mfiwa, mikono iko kichwani. Shangazi watatu nyuma yake. Na katika kilio chao walikuwa wanataja jina. Walikuwa wanasema, Anastazia, Anastazia, umetuacha, na hatukuambiwa hata siku ya kukuzika.

Mwiko ukamdondoka. Akaenda kumlaki mama yake, akasimama mbele yake na lile gauni la buluu. Yule bibi alimtazama. Akanyoosha mkono akamgusa shavu, akamgusa bega, akamshika nguo. Tulitegemea atafurahi. Akakaa chini pale pale njiani, akaendelea kulia, na sasa alikuwa analia kwa nguvu zaidi kuliko kwanza.

"Mama, mimi mzima. Ni sikukuu yangu ya kuzaliwa."

"Nimekwisha kulia, mwanangu," bibi akasema. "Siku mbili nimekulilia. Nimegawa nguo zako nilizokuwa nazo. Haya yote nitayarudishaje?"

Idrisa alikuwa amesimama karibu na ngozi ya mbuzi, kisu mkononi. Hakuinua uso. Nyuma yangu nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai hamalizi mwezi. Mwenzake akamwambia nyamaza. Lakini lilikuwa limekwisha semwa, na nikaona Imakulata amelisikia.

Tukawakalisha, tukawapa maji. Anastazia akasema sasa tuwashe mshumaa. Akaimbiwa na Domina na watoto wengine wimbo wa kanisani, kwa kuwa mwingine hawaujui. Akainama apulize, kama alivyowaona masista wakipuliza. Mama yake akaruka, akamshika mdomo kwa kiganja.

"Usizime! Mshumaa wako unauzima mwenyewe?"

Basi ukaachwa. Ukawaka mpaka ukaingia kwenye keki.

Kisha chakula kikateremshwa. Ndizi zimefunguliwa kwenye majani yake, moshi unapanda, nyama, maharage, senene kwenye ungo. Anastazia akasimama akasema, "Karibuni, waitu, karibuni mle." Waitu ni neno lao la heshima.

Hakuna mkono ulionyooka.

"Tumeshiba ya jana," mmoja akasema.

"Tumbo langu halijakaa sawa," akasema mwingine.

Mwanamke mmoja alikuwa amekuja na kikombe chake mwenyewe amekifunga kwenye kanga, nilikiona kinamchomoza. Watu waliangalia chakula, wakaangalia chini. Mvuke ukapungua. Na Anastazia hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi.

Sijui wewe ungefanyaje.  Nikaona yale maboga yangu. Nikasogea, nikanawa, nikamega ndizi mahali alipomega yeye, nikachovya kwenye bakuli lake, nikala. Nikamega tena. Nikaomba maji, akanipa kikombe chake, nikanywa mpaka chini. Mama yake akasogea akala. Mwenyekiti akakohoa, akanawa. Baada yake wakaja wawili, watano, kisha wote, hata yule wa kikombe. Nyama haikubaki.

Walipokwisha kula, Anastazia akaegemea mlango. Nikadhani anataka kushukuru.

"Mmekula," akasema. "Mmekula kwangu wote, na mimi nimewaona. Sasa mnisikie. Mwenyekiti, umekuja na daftari?"

"Ninalo."

"Andika. Kibanja hiki ni cha Imakulata na Domina. Marehemu alinikabidhi mbele ya mama yake mzazi kabla naye hajafa, na wapo hapa waliosikia. Ile miti minne pale nyuma sikuipanda mimi. Yeyote akiulizwa kesho, aseme alikula chakula cha Anastazia akiwa na akili zake, akasikia hivi."

Wazee wawili wakaitikia kwamba ni kweli, walisikia. Mwenyekiti akaandika polepole. Kasiano akasimama.

"Wasichana huolewa," akasema. "Kibanja ni cha ukoo. Andikeni mpendavyo. Tutaona nani atakaa hapa msimu wa kahawa ujao." Akavaa kofia yake, akaondoka. Na wapo waliomfuata.

Anastazia alikuwa amechoka, jasho linamtoka. Lakini aliendelea. "La mwisho. Nani atakaa na wanangu?"

Mama yake akasema atamchukua Domina, mdogo, ambaye anaweza kumlea kwa maziwa ya ng'ombe wake. Imakulata hakutaka kwenda Mabira, alitaka kumuuguza mama yake na kumaliza shule. Watu wakatazamana. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu.

"Imakulata tutamchukua sisi. Aje akae kwangu, amsaidie mke wangu kushona."

Nilifurahi, dada. Kwa dakika moja nilijivunia mume.

"Wewe hapana, Idrisa," Anastazia akasema.

Hakupaza sauti.  Idrisa akacheka kidogo, akasema haya, akaanza kufuta kisu ambacho kilikuwa kimekwisha futwa.

Alasiri watu walipotawanyika nilibaki kuosha masufuria. Anastazia amelala kwenye mkeka kivulini, Domina amemlalia miguuni. Nikamwuliza kwa nini amemvunjia mume wangu heshima mbele za watu, mtu aliyemchinjia mbuzi.

Alimtazama kwanza Domina kama amelala. Kisha akasema, "Pale Murongo ilikuwapo nyumba ya bati karibu na mto, ya mwanamke anayeuza chakula. Fulgensi alilala kwake miaka mitatu. Alinieleza mwenyewe alipojua haponi. Hakulala peke yake. Wiki yake Fulgensi, wiki nyingine Idrisa. Yule mwanamke alizikwa mwezi wa Septemba."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaendelea kuisugua, mahali pale pale.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukuniambia! Unanitazama kila siku, na hukuniambia!"

"Ulikuwa unamwaga chai yangu, Mama Saumu," akasema. "Nilikuona. Nikasema, huyu nikimwambia ataona ni maneno ya mgonjwa anayetaka wenzake waugue. Siku atakayokula chakula changu, siku hiyo nitamwambia."

Sikuweza kumkasirikia. Nilitamani, sikuweza.

Dada, tangu saa ile kila kitu kimegeuka. Mwezi wa Novemba Idrisa aliniletea suruali mbili nizipunguze kiuno. Mimi fundi, ninayewapima watu kila siku, nilizipunguza nikamwambia anafanya kazi mno. Na Saumu wangu. Mnakumbuka mlivyoniandikia kwamba ni baridi ya Karagwe, mtoto wa pwani haiwezi. Nilikubali. Miezi minane, kuhara kusikokoma, utando mweupe mdomoni, na kila siku mwepesi zaidi mkononi mwangu. Haikuwa baridi. Sijui, labda ilikuwa baridi. Lakini sasa siwezi kulala upande ule wa chumba.

Asubuhi yake nilimfuata dukani kabla hajafungua.

"Murongo ulikuwa unalala wapi?"

"Nani amekuambia?"

"Nimekuuliza ulikuwa unalala wapi."

Alianza kwa ukali, akamwita Anastazia mchawi, akasema anataka kutuingiza kaburini pamoja naye. Nikamwacha aseme. Alipokwisha akaketi juu ya gunia la chumvi, akafunika uso. "Sikujua, Zuhura," akasema. "Wakati ule nani alijua?" Na hilo ni kweli, dada. Nani alijua?

Tulikubaliana kwenda kupimwa. Wiki ya kwanza ya Januari tulipanda gari mpaka hospitali, safari ya siku nzima, wakatutoa damu, wakasema turudi baada ya wiki mbili. Siku hizo alikuwa mpole kama tulipooana. Alinichotea maji. Wiki mbili zilipotimia akasema nisijisumbue na safari, ataleta majibu ya wote wawili. Aliondoka Ijumaa asubuhi, amevaa ile suruali niliyoipunguza. Leo ni siku ya sita. Dereva ananiambia Idrisa alishuka njia panda, kabla ya hospitali, akasimamisha lori linaloelekea Mwanza, na alikuwa na begi. Nilikwenda kufungua sanduku. Nguo zake hazimo. Cheti chetu cha ndoa amekiacha.

Sijui kama aliyaona majibu akakimbia, au alikimbia ili asiyaone.

Huku nako mambo si shwari. Juzi tuliamka tukakuta migomba kumi na miwili ya Anastazia imekatwa, mikungu michanga imelala chini, imekatwa sawasawa kwa panga moja kali. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia mbwa. Mwenyekiti amekuja ametazama, ameandika, ameondoka. Ile miti minne Imakulata ameing'oa, na sasa namwogopea akienda kuteka maji peke yake. Amehamia kwangu. Mchana anakaa kwenye cherehani, mkono wake ni mzuri, anafuata mshono kuliko mimi nilivyokuwa umri huo. Domina amekwenda Mabira na bibi yake. Aliondoka bila kulia, na mama yake pia hakulia mpaka walipopotea.

Anastazia amemaliza ule mwezi waliosema hataumaliza. Anakohoa, anatapika, lakini jioni tunamtoa nje akae. Nimemwambia Alhamisi nakwenda mwenyewe kuchukua majibu. Amesema ataomba abebwe mpaka kituoni, akae nami hadi gari lije. Nimemkataza. Amesema atakuja.

Sasa ndilo ninaloliandikia barua hii. Kama nimepona, nitabaki hapa na kumlea Imakulata, na duka nitalifungua mwenyewe. Lakini kama si hivyo, mtoto huyu atakuwa ametoka nyumba ya mgonjwa kuingia nyumba ya mgonjwa, na Kasiano anahesabu siku. Naomba umpokee Pangani. Ni Mkristo, na ataendelea na kanisa lake; zungumza na shemeji kwanza. Anakula kidogo, anajua kazi, na cherehani nitampa aje nayo. Mimi usiniite huko. Nina mtu wa kumuuguza hapa, na kaburi la mtoto wangu liko hapa.

Mama mwambie tu Idrisa amesafiri, si uongo. Wifi aliyejifungua mpe pole na hongera, nguo za mtoto nimezishona, nitazituma. Mjomba muadhini mwombe aniombee bila kumweleza ninaombewa nini. Na bibi mzaa mama, kama bado anauliza kwa nini siji, mwambie njia ni ndefu.

Usiniandikie maneno ya kunifariji, sitaweza kuyasoma. Niandikie ndiyo au hapana. Ukiandika hapana sitakulaumu, najua nyumba yenu ilivyo. Ila andika upesi.

Mdogo wako,
Zuhura